Kwa nini hasira ya taifa haikutosha kujenga dola nchini China kati ya 1911 na 1949?

Mdadisi aliuliza:

Ndugu wasomaji, heshima kwenu. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma historia ya China ya karne iliyopita, na limebaki jambo moja ambalo kila nikidhani nimelielewa linanitoka tena mkononi.

Nasaba ya Qing ilikuwa imeitawala nchi ile tangu 1644, lakini iliporomoka kwa miezi minne tu. Askari waliasi mjini Wuchang tarehe 10 Oktoba 1911, na tarehe 12 Februari 1912 ikatangazwa kwamba Puyi, mfalme mtoto wa miaka sita, ameachia kiti. Uchungu uliowasukuma wanamapinduzi haukuwa wa kubuni. Nchi yao ilikuwa imenyang'anywa Hong Kong kwa mkataba wa Nanjing wa 1842, ikanyang'anywa Taiwan na Japani mwaka 1895, na mwaka 1901, baada ya uasi wa Mabondia waliopinga wageni, ikatwishwa fidia ya tael (kipimo cha uzito wa madini ya fedha) milioni 450 ilipe kwa miaka 39. Mtu angetarajia kwamba watu waliodhalilishwa kiasi hicho wangeshikamana mara tu utawala ulioshindwa kuwalinda ulipoondoka. Hawakushikamana. Yuan Shikai, jenerali aliyekabidhiwa urais wa jamhuri, alijitangaza mfalme mwishoni mwa 1915, na alipofariki Juni 1916 makamanda wa majeshi waligawana majimbo kama warithi wanavyogawana shamba.

Baadaye Kuomintang, chama chenye neno «taifa» ndani ya jina lake, kikaunda serikali Nanjing mwaka 1927, nacho kikashindwa mwaka 1949 na chama cha Kikomunisti, kilichowahi kubakiwa na watu wachache mno. Pande zote mbili zilidai kuwa warithi wa Sun Yat-sen, kiongozi wa wanamapinduzi walioipinga Qing, na zote zilisema zinalikomboa taifa. Je, tofauti ilikuwa katika ukali wa uzalendo wao, katika silaha, katika bahati ya vita, au kuna jambo lingine ambalo mimi silioni?

Kumbukumbu alijibu:

Ndugu Mdadisi, naomba nianze na mapinduzi yenyewe ya 1911, kwa sababu nadhani jibu limejificha katika namna yalivyotokea.

Chama cha Tongmenghui, kilichoundwa na Sun Yat-sen na wenzake mjini Tokyo mwaka 1905, kiliwaapisha wanachama wake mambo manne: kuwafukuza Wamanchu (watu wa nasaba ya Qing), kuirejesha China kwa wenyewe, kuunda jamhuri, na kusawazisha haki za ardhi. Ukitazama kilichotimia kufikia Februari 1912, utaona kwamba mambo mawili ya kwanza yalikwisha, la tatu lilikuwa limeandikwa katika karatasi, na la nne halikuguswa. Utaifa wao wakati ule ulikuwa umejengwa juu ya kumchukia mtawala aliyehesabiwa kuwa mgeni, na mtawala huyo alipoondoka, kilichokuwa kimewaunganisha wasomi, askari, wafanyabiashara na vyama vya siri kiliondoka pamoja naye. Sun mwenyewe alikuwa Marekani habari za Wuchang zilipotokea, na akazisoma gazetini. Majimbo ndiyo yaliyojitangazia uhuru, moja baada ya jingine, yakiongozwa na mabaraza ya wenyeji wenye mali na maafisa wa jeshi jipya. Kwa hiyo dola ilivunjika vipande kwanza, kisha ikaitwa jamhuri.

Cheche yenyewe inaeleza mengi. Mei 1911 serikali ya Qing ilitangaza kuzitaifisha njia kuu za reli na papo hapo ikakopa kwa mabenki ya kigeni ili kuzijenga. Watu wa Sichuan, waliokuwa wamekatwa fedha zao kununua hisa za reli, waliona wameuzwa. Askari wakapelekwa huko kutoka Hubei, jimbo lenye mji wa Wuchang, nao Wuchang ukabaki na ulinzi pungufu, na yaliyofuata unayajua. Serikali iliyotaka kujenga dola yenye nguvu iliangushwa na watu waliolipenda taifa lakini hawakuiamini serikali hiyo na mfuko wao. Jamhuri ilirithi tatizo lile lile. Mwaka 1913 Yuan alikopa pauni milioni 25 kwa mabenki ya kigeni, rehani ikiwa kodi ya chumvi, wakati mapato ya forodha tayari yalikuwa yakisimamiwa na maafisa wa kigeni ili madeni na fidia vilipwe kwanza. Rais asiyeweza kukusanya kodi kijijini hana budi kuuza kilichopo bandarini, na akifanya hivyo wazalendo wanamwita msaliti, nao hawakosei.

Sun alilalamika kwamba Wachina walikuwa kama mchanga uliotawanyika. Mimi sikubaliani naye kikamilifu. Tarehe 4 Mei 1919, wanafunzi wapatao 3,000 waliandamana Beijing baada ya kusikia kwamba mkutano wa amani wa Paris umeipa Japani haki ambazo Ujerumani ilikuwa nazo Shandong. Mwezi uliofuata maduka ya Shanghai yalifungwa, wafanyakazi wakagoma, bidhaa za Kijapani zikasusiwa, maafisa watatu waliotuhumiwa kuwa upande wa Japani wakaachishwa kazi, na tarehe 28 Juni wajumbe wa China wakakataa kutia saini mkataba wa Versailles. Huo si mchanga. Tatizo ni kwamba vuguvugu lile lilikuwa na uwezo wa kukataa tu. Liliweza kumzuia waziri asitie saini, lakini halikuweza kumlipa mwalimu mshahara wala kumwondolea mkulima mkopeshaji mlangoni.

Mfano ninaoupenda zaidi, na ambao wengi huupita haraka, ni mgomo wa Guangzhou na Hong Kong. Baada ya polisi waliokuwa chini ya Waingereza kuwafyatulia risasi waandamanaji Shanghai tarehe 30 Mei 1925, na baada ya watu zaidi ya 50 kuuawa kwa risasi huko Shaji, Guangzhou, tarehe 23 Juni, maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wa Kichina waliiacha Hong Kong. Mgomo uliendelea hadi Oktoba 1926. Kamati ya mgomo, iliyoongozwa na baharia Su Zhaozheng, ililazimika kuwalisha watu hao, kuwatafutia malazi, kuwatibu, kuwapa kazi za kujenga barabara, kuzuia magendo kwa walinzi wake na kuwahukumu waliokamatwa. Watu wa mji waliiita serikali ya pili. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza vuguvugu la umma lilianza kufanya kazi za dola, na nadhani vyama vyote viwili vilijifunza hapo, ingawa kila kimoja kilitoka na somo lake. Chiang Kai-shek, kamanda wa majeshi ya Kuomintang, aliona kwamba nguvu ya namna ile ikiachwa ikue itakuja kuwa mpinzani wake, na tarehe 12 Aprili 1927 aliwaangamiza wakomunisti na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Shanghai, watu wale wale walioushika mji kabla majeshi yake hayajaingia.

Mizani alijibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Kumbukumbu, lakini naomba Kuomintang isihukumiwe kana kwamba haikujaribu. Serikali ya Nanjing ilipata haki ya kupanga ushuru wake yenyewe kwa mikataba iliyoanza na Marekani mwaka 1928 na kumalizika na Japani mwaka 1930. Novemba 1935 iliiondoa nchi katika sarafu ya madini ya fedha na kuanzisha noti moja ya taifa. Januari 1943, katikati ya vita, Marekani na Uingereza zilitia saini mikataba ya kuacha haki ya raia wao kuhukumiwa na mahakama zao wenyewe katika ardhi ya China. Madai yale ambayo wanafunzi wa 1919 walipigwa kwa ajili yake yalitimizwa, kwa sehemu kubwa, na Chiang Kai-shek, na mtu mwadilifu hana budi kulikiri hilo. Na lazima tukumbuke kwamba kuanzia Julai 1937 serikali ile ilibeba mapigano makubwa ya majeshi dhidi ya Japani, ikapoteza Shanghai, ikapoteza Nanjing ambako raia waliuawa kwa wingi wa kutisha, ikahamia Chongqing, na katika mashambulizi ya Wajapani ya 1944 ikapoteza tena askari na mashamba ambayo haikuweza kuyafidia.

Hata hivyo kuna uamuzi mmoja ambao vita haviwezi kuutetea, kwa kuwa ulifanywa kabla ya vita. Mwaka 1928 Nanjing iliyaachia majimbo kodi ya ardhi. Katika nchi ambayo watu wengi mno walikuwa wakulima, serikali kuu iliamua kuishi kwa forodha, chumvi na ushuru wa viwanda, yaani kwa mapato ya pwani na miji. Ilipofanya hivyo iliachana na kijiji. Aliyemjua mkulima, aliyehesabu mashamba yake na kumdai, alikuwa ofisa wa wilaya na tajiri wa hapo, na wawili hao mara nyingi walikula sahani moja. Sheria ya ardhi ya 1930 iliweka kikomo cha kodi ya pango la shamba kuwa asilimia 37.5 ya zao kuu, lakini nani angeisimamia, ikiwa msimamizi ndiye mwenye shamba? Japani ilipoichukua pwani, serikali ikaikumbuka kodi ya ardhi, ikaanza kuidai kwa nafaka mwaka 1941, na mwaka uliofuata, mavuno yalipokauka Henan, nafaka ya jeshi iliendelea kudaiwa kwa watu waliokuwa wakila magome ya miti.

Nitaongeza jambo ambalo kwangu linafunga mjadala juu ya nia ya Kuomintang. Kilipokimbilia Taiwan, chama hicho hicho, chini ya kiongozi huyo huyo, kilishusha kodi ya mashamba hadi asilimia 37.5 mwaka 1949 na kuanza kuwagawia wapangaji ardhi mwaka 1953. Makabaila wa Taiwan hawakuwa shemeji wala wafadhili wa maofisa waliotoka bara. Kwa hiyo uzalendo ulikuwapo tangu mwanzo, na sheria ilikuwapo. Kilichokosekana bara ni chombo ambacho hakikufungwa kamba na watu waliopaswa kudhibitiwa.

Mama Maktaba alijibu:

Nimefurahi Mizani amekifikisha kijiji mezani, maana nadhani hapo ndipo swali la Mdadisi linapojibika.

Wakomunisti hawakuanza na kijiji kwa hekima, walisukumwa huko. Baada ya Aprili 1927 walifukuzwa mijini, uasi wao wa Nanchang na ule wa mavuno huko Hunan ukashindwa, na jamhuri yao ndogo iliyotangazwa Ruijin mwaka 1931 ikazingirwa hadi wakalazimika kuikimbia Oktoba 1934. Katika watu zaidi ya 80,000 walioanza safari ndefu kutoka Jiangxi, waliofika kaskazini mwaka mmoja baadaye hawakuzidi sehemu moja ya kumi. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kusimulia ushindi wao kana kwamba uliandikwa tangu mwanzo. Mwaka 1936 haukuwa umeandikwa popote.

Uvamizi wa Japani ndio uliowapa walichokikosa, yaani sababu ambayo mkulima maskini na mwenye shamba wangeweza kuikubali kwa pamoja. Katika kipindi hicho waliacha kunyang'anya ardhi, wakashusha kodi ya mashamba na riba ya mikopo, na katika mabaraza yao wakajiwekea kanuni ya kuchukua theluthi moja tu ya viti. Palipokuwa na wapiga kura wasiojua kusoma, mtu alidondosha punje ya haragwe katika bakuli lililowekwa nyuma ya mgombea anayemtaka. Naomba tusione uchaguzi huo kuwa demokrasia kamili, kwa sababu chama hakikuwahi kuachia hatamu, lakini tuufikirie kwa macho ya mtu ambaye tangu kuzaliwa kwake hakuna mwenye cheo aliyewahi kumwomba haragwe lake. Mtu huyo alipoombwa baadaye gunia la mtama, alimjua anayeliomba, na alijua pa kulalamikia. Mwaka 1941 chama kilidai nafaka nyingi mno Yan'an, yalipokuwa makao yake, na manung'uniko yakasikika waziwazi, nacho kikapunguza maofisa, kikapunguza tozo, na kikawapeleka askari wakalime wenyewe huko Nanniwan. Huo ndio uliokuwa moyo wa kanuni iliyoitwa kutoka kwa umma na kurudi kwa umma: kada husikiliza, huyapanga aliyoyasikia yakawa siasa ya chama, kisha huyarudisha kwa wale wale walioyasema. Ilipofanya kazi, ilikuwa njia ya habari yenye pande mbili, na sioni serikali nyingine ya China ya wakati ule iliyokuwa na kitu cha namna hiyo.

Kisha ikaja hatua ya pili, ambayo ni ngumu kuisimulia bila moyo kuuma. Kuanzia 1946, na hasa baada ya sheria ya ardhi ya Oktoba 1947, timu za makada ziliingia vijijini, zikaigawanya kila kaya katika tabaka lake, na kuitisha mikutano ya kueleza machungu. Mjane alisimama mbele ya kabaila aliyemwogopa miaka yote na kusema hadharani alichotendewa. Watu walipata ardhi, ng'ombe, jembe na nguo za baridi. Vilevile watu walipigwa na kuuawa katika mikutano hiyo, wengine kwa makosa ya kweli na wengine kwa sababu kijiji kilitakiwa kumpata adui. Aliyeshiriki hakuweza tena kurudi nyuma, kwa kuwa jeshi la Kuomintang likirejea, kabaila angerejea nalo. Hapo ndipo ardhi, hofu na utii kwa chama vilipofungwa fundo moja. Katika vita vya Huaihai, kuanzia Novemba 1948 hadi Januari 1949, takwimu za upande wa ushindi zinataja wabebaji wa kiraia wapatao milioni 5.43 waliosukuma mikokoteni ya nafaka na kubeba majeruhi. Kuomintang ilikuwa na ndege na vifaru vya Marekani, lakini majeshi yake yaliyozingirwa yalikufa njaa katikati ya mashamba ya watu ambao hawakuwa na sababu ya kuyalisha. Miezi michache kabla, mijini, serikali hiyo hiyo ilikuwa imewalazimisha raia kubadilisha dhahabu yao kwa noti mpya ambazo ziligeuka karatasi tupu kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo ilipoteza kijiji ambacho haikuwahi kuwa nacho, kisha ikapoteza na mji.

Mdadisi aliuliza tena:

Nawashukuru nyote, na nimeelewa kwamba nilikuwa naupima uzalendo pasipo kuutazama mkono unaoufikisha kwa mkulima. Lakini maelezo ya Mama Maktaba yananileta kwenye swali zito zaidi. Ikiwa chama kile kilipata nguvu yake kwa kusikiliza, ilikuwaje miaka kumi tu baadaye kikashindwa kusikia kwamba wakulima wanakufa njaa? Je, njaa kuu ilikuwa ajali iliyoingia kutoka nje ya njia ile, au ilizaliwa humo humo?

Mama Maktaba alijibu:

Kwa maoni yangu ilizaliwa humo humo, na ninalisema hili kwa uzito kwa sababu idadi ya waliokufa kati ya 1959 na 1961 inakadiriwa na watafiti kuwa kati ya milioni 15 na milioni 45, na hata kadirio la chini kabisa ni msiba usio na mfano.

Wakati wa vita, chama kilisikiliza kwa sababu mkulima alikuwa na uwezo wa kukinyima. Angeweza kuficha nafaka, kumwonyesha adui njia, au kuhamia upande wa pili wa bonde. Baada ya 1949 uwezo huo uliondolewa kidogo kidogo, na kila hatua ilikuwa na sababu yake iliyoonekana njema. Sheria ya ardhi ya Juni 1950 iliwapa watu wapatao milioni 300 ardhi, kwa hesabu ya serikali yenyewe, lakini pia ilimwondoa kila mwenye sauti kijijini ambaye hakuwa wa chama. Vita vya Korea vilileta kampeni za uzalendo ambazo ndani yake kusita kulifanana na uhaini. Mwishoni mwa 1953 serikali ilijipa haki ya pekee ya kununua nafaka kwa bei yake, ili viwanda vya mpango wa kwanza wa miaka mitano vilishwe. Mwaka 1955 na 1956 mashamba yaliyogawiwa yakaunganishwa katika ushirika, mwaka 1957 wasomi waliokosoa wakaitwa wa mrengo wa kulia na kuadhibiwa, na Januari 1958 sheria ya usajili wa kaya ikamfunga mkulima mahali alipozaliwa. Ilipofika Agosti 1958 na komuni, yaani ushirika mkubwa zaidi wa vijiji vingi, zikatangazwa, mikutano ilikuwa bado inafanyika, mabango yalikuwa bado yanapandishwa, na watu walikuwa bado wanapaza sauti pamoja, ila hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kukataa kwake kungeweza kumgharimu kada chochote. Kada alitaja mavuno ya kubuni kwa sababu jirani yake alitaja makubwa zaidi, na dola ikachukua nafaka kwa kipimo cha mavuno hayo ya kubuni.

Mizani alijibu:

Naunga mkono, na ninaongeza kwamba hata juu kabisa sauti ilikatwa. Peng Dehuai, mtoto wa familia maskini ya Hunan aliyeongoza majeshi ya China Korea, alimwandikia Mao, kiongozi wa chama, barua huko Lushan mwaka 1959 akieleza aliyoyaona, naye akavuliwa uwaziri wa ulinzi, na kampeni dhidi ya wenye mawazo kama yake ikaongeza makali wakati ambapo ingeweza kusitishwa. Liu Shaoqi, aliyekuwa rais wa nchi, alisubiri hadi Januari 1962, mbele ya makada 7,000, ndipo akasema kwamba katika sehemu nyingine msiba ule ulikuwa tatu za mbingu na saba za binadamu, akiyanukuu maneno ya wakulima wa Hunan.

Na tazama jinsi walivyojinasua. Kuanzia 1961 serikali ilinunua nafaka nje ya nchi, ikawarudishia wakulima vishamba vyao vya nyuma ya nyumba, na katika muda wa miaka miwili hivi ikawaondoa mijini watu wapatao milioni 20 na kuwarudisha vijijini ili miji ipungukiwe midomo. Watu hao walifunga mizigo na kuondoka. Nusu karne kabla, serikali ya Beijing ilipojaribu kuchukua reli za Sichuan, nchi nzima ilisimama na utawala ukaanguka.